Kupanda pasheni uani: mwongozo kamili kwa wakazi wa Kigoma na Tabora

Pasheni, ambayo wengi huiita karakara, ni mmea unaotambaa ambao kaya yenye ua wa kawaida inaweza kuupanda na kuanza kuvuna kabla mwaka haujaisha. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika maeneo ya Brazili, Paraguai na kaskazini mwa Argentina, na tangu ulipoletwa Afrika Mashariki umezoea mazingira yetu kiasi kwamba mara nyingine huota wenyewe kandokando ya mashamba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nafasi ya miche minne hadi sita, anayetaka matunda ya kutengeneza juisi nyumbani na ziada kidogo ya kupeleka sokoni.

Wapo wanaoulizia kiwi, tunda lingine la mmea unaotambaa, baada ya kuliona likiuzwa kwa bei kubwa katika maduka ya mijini. Kiwi inahitaji majira ya baridi kali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 7 kwa mamia ya saa ndipo iamke na kutoa maua, na hata baridi ya Juni katika milima ya Buhigwe haifikii kiwango hicho. Aidha, mimea yake ya kiume na ya kike ni tofauti, kwa hiyo anayepanda mche mmoja hapati kitu. Eneo ambalo mtu angelitenga kwa kiwi litamfaa zaidi akipanda pasheni.

Kuchagua aina kulingana na mwinuko

Zipo aina mbili kuu. Pasheni ya zambarau ina tunda dogo, utamu mwingi na harufu kali, na hustawi mahali penye ubaridi kiasi, kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,200 na 2,000 hivi. Pasheni ya njano ina tunda kubwa na juisi nyingi yenye ukali zaidi, huvumilia joto la maeneo ya chini, na mizizi yake hustahimili ugonjwa wa mnyauko ambao huiua ile ya zambarau.

Mkazi wa Kigoma mjini, Ujiji au vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako maji ya ziwa yako karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, apande ya njano bila kusita. Ya zambarau ikipandwa huko hurefuka na kuweka majani mengi ya kupendeza, lakini maua ni machache, na mwenye bustani huishia kulaumu mbegu. Mkazi wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo anaweza kupanda ya zambarau. Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, jambo linaloweza kumfanya mtu adhani kwamba ya zambarau inafaa moja kwa moja, lakini joto la Septemba na Oktoba pamoja na ukame mrefu huitesa. Kwa Tabora ninapendekeza ya njano, au ya zambarau iliyobebeshwa, yaani tawi lake lililounganishwa juu ya shina la njano.

Mahali pa kupanda

Chagua mahali panapopata jua kwa sehemu kubwa ya siku na pasipotuama maji hata siku moja baada ya mvua kubwa. Mizizi ya pasheni iko karibu na uso wa ardhi na haivumilii kuzama. Udongo wa kichanga tifutifu wenye mboji nyingi ndio bora, na uchachu wa kati ya pH 5.5 na 6.5 unafaa. Kwenye mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambazo Tabora ina nyingi, inua tuta la sentimita 30 hadi 40 na upande juu yake, au uache kabisa kupanda hapo.

Epuka kona ambayo kila mwaka ililimwa nyanya, bamia au matango, kwa sababu minyoo fundo, viminyoo vidogo vinavyovimbisha mizizi, huwa imejaa ardhini. Epuka pia kupanda kunde na maharage karibu na mipasheni: vidukari wa mimea hiyo hubeba virusi vinavyokakamaza tunda la pasheni. Katika nyua zetu, ambako kunde hupandwa kila panapopatikana nafasi, shauri hili huwa gumu kufuata, lakini ni miongoni mwa mashauri yenye faida kubwa zaidi katika mwongozo huu.

Kuotesha miche

Anza kuotesha mwezi wa Julai au mwanzoni mwa Agosti, ili miche iwe na urefu wa sentimita 30 hivi mvua zitakapoanza mwishoni mwa Oktoba au katika Novemba. Chagua matunda yaliyoiva na kuanguka yenyewe, kutoka kwenye mimea yenye afya. Ikiwa ni pasheni ya njano, toa mbegu katika matunda ya mimea miwili au mitatu tofauti, ikiwezekana kutoka nyumba tofauti. Sababu yake itaelezwa katika sehemu ya maua.

Kamua mbegu pamoja na ute wake kwenye chombo, acha kwa siku mbili au tatu mpaka ute uchachuke, kisha osha kwenye chujio na uanike kivulini. Zipande mapema, kwa kuwa mbegu mbichi huota vizuri ndani ya wiki mbili hadi nne, ilhali zilizokaa miezi mingi huota kwa kusuasua. Jaza viriba mchanganyiko wa udongo wa juu mafungu matatu, samadi iliyooza fungu moja na mchanga fungu moja. Fukia mbegu mbilimbili kwa kina cha sentimita moja, weka kivuli chepesi cha nyasi, na mwagilia asubuhi bila kuloweka. Miche ikitoa majani mawili ya kweli, bakiza mmoja wenye nguvu katika kila kiriba. Punguza kivuli kidogo kidogo katika wiki mbili za mwisho kabla ya kuihamisha.

Kubebesha pasheni ya zambarau

Hatua hii inamhusu yule tu anayetaka zambarau, naye asiiruke. Mnyauko fuzari ni ugonjwa wa ukungu unaoishi ardhini kwa miaka mingi. Huingia kwenye mizizi, huziba mishipa ya maji, na mmea uliojaa matunda hunyauka kwa siku chache. Hakuna dawa ya kuuponya. Kinga iliyothibitika ni kutumia mizizi ya njano, kisha kuweka juu yake tawi la zambarau.

Subiri mche wa njano ufikie unene wa penseli. Ukate kwa kisu kikali kwenye kimo cha sentimita 20 hadi 25 kutoka ardhini, kisha pasua shina katikati kwa kina cha sentimita mbili. Chukua kipande cha tawi la zambarau chenye vifundo viwili au vitatu na unene unaolingana na shina, punguza majani yake hadi nusu, na chonga mwisho wake wa chini pande zote mbili uwe kama kabari. Kichomeke kwenye mpasuko, ukihakikisha kwamba ganda la upande mmoja angalau linagusana na ganda la shina, kisha funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu. Funika mche kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili usikauke, na uuweke kivulini. Vichipukizi vikianza kujitokeza, kwa kawaida ndani ya wiki tatu au nne, ondoa mfuko hatua kwa hatua.

Mambo mawili huharibu kazi hii baadaye. La kwanza ni kufukia kiungo wakati wa kupanda shambani, kwa sababu tawi la zambarau likigusa udongo hutoa mizizi yake lenyewe na ugonjwa hupata njia. La pili ni kuacha machipukizi ya njano yaliyo chini ya kiungo, ambayo yakikua huitawala zambarau mpaka ikapotea.

Nguzo na waya

Simika nguzo kabla ya kupanda, kwa kuwa kuchimba mashimo baadaye kunakata mizizi. Nguzo iwe na urefu wa mita 2.5, sentimita 60 ziingie ardhini, na waya wa geji 14 ufungwe juu kabisa na kukazwa vizuri. Ziweke kwa umbali wa mita 5 hadi 6, na nguzo za mwisho zitegemezwe kwa mihimili ya mshazari, maana uzito wa mmea uliokomaa, hasa ukiwa umelowa mvua, huzivuta zikaegemeana.

Mchwa ndio adui wa kwanza wa nguzo katika mikoa hii miwili. Mti mgumu kama mkurungu au mninga, uliopatikana kwa njia halali, hudumu kuliko mkaratusi mchanga. Anayetumia mkaratusi auunguze kijuujuu sehemu itakayoingia ardhini, au anunue nguzo zilizowekwa dawa kiwandani. Kuzipaka nguzo oili chafu ni desturi iliyoenea, lakini oili hiyo husambaa kwenye udongo ule ule wenye mizizi ya chakula chako, na siishauri.

Wengine huacha mpasheni upande juu ya mwembe au mparachichi. Matunda yatapatikana, lakini yatakuwa juu yasipofikika, mmea hautapogolewa, maua hayatachavushwa kwa mkono, na ugonjwa ukiingia hautaonekana mpaka umeenea. Chanja cha juu chenye kivuli cha kukalia kina ubora wake kwa mwenye ua mdogo, mradi akubali kwamba katikati ya chanja, ambako mwanga haufiki, matunda yatakuwa haba.

Kupanda

Chimba mashimo ya sentimita 50 kwa upana na kina, kwa umbali wa mita 3 kati ya shimo na shimo, mwezi mmoja kabla ya mvua. Tenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri pamoja na gramu 100 hivi za mbolea ya fosfeti kama Minjingu, urudishe shimoni, na uache utulie. Mvua zikishashika, panda jioni au siku ya mawingu, mche ukae kwenye kimo kile kile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Simika fito nyembamba au funga kamba ya katani kutoka chini ya mche hadi kwenye waya.

Kuuelekeza na kuupogolea

Katika miezi ya kwanza, bakiza shina moja tu linalopanda fito, na kata kila chipukizi la pembeni. Shina likifika kwenye waya, kata ncha yake ili litoe matawi mawili, moja lielekezwe kulia na jingine kushoto kufuata waya. Matawi hayo mawili yatatoa vitawi vinavyoning'inia, na hivyo ndivyo vinavyozaa. Vikono vya kujishikiza huvisokota vitawi hivyo pamoja; pita kila wiki uviachanishe kwa mkono ili vining'inie huru, kwa kuwa msongamano huzuia mwanga na hewa na kukaribisha madoa ya kahawia.

Pasheni huzaa kwenye machipukizi mapya. Kitawi kilichokwisha kuzaa hakitazaa tena mahali pale pale, kwa hiyo baada ya mavuno makubwa kikate, ukibakiza vifundo vitatu hadi vitano kutoka kwenye tawi la waya. Kata pia kila kinachogusa ardhi. Usipogolee katikati ya kiangazi kikali wakati mmea una kiu. Ngoja mvua zikaribie au uwe na maji ya uhakika. Kisu au mkasi usafishwe kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini ya kufulia, fungu moja kwa mafungu tisa ya maji, kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, maana virusi husafiri kwenye makali.

Maua na uchavushaji

Hapa ndipo bustani nyingi za pwani ya ziwa hupoteza mavuno. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufungika kuelekea adhuhuri, nalo huweza kujichavusha lenyewe. Ua la njano hufunguka karibu saa sita mchana na kufungika usiku, na halikubali chavua yake lenyewe wala chavua ya ua jingine la mmea ule ule. Linahitaji chavua ya mpasheni mwingine wa njano ambao si nduguye wa karibu mno. Miche iliyotokana na vipandikizi vya mmea mmoja huhesabiwa kuwa mmea huo huo, hata ikiwa kumi. Ndiyo maana nilisisitiza mbegu za mimea mbalimbali, na ndiyo maana mwenye mche mmoja wa njano anaweza kupata maua mamia bila tunda.

Wachavushaji wazuri zaidi ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyuki wa asali, ambao Tabora inasifika kwao, hukusanya chavua kwa bidii lakini ni wadogo mno kwa ua hili, na mara nyingi huondoka na chavua bila kugusa sehemu inayoipokea. Acha gogo kavu la mti laini karibu na bustani ili nyuki hao weusi watoboe na kuzaliana, hata kama umezoea kuwafukuza kwenye kenchi za nyumba. Usinyunyize dawa ya wadudu wakati maua yako wazi.

Nyuki wakiwa wachache, chavusha kwa mkono, kazi ambayo watoto huifurahia. Katikati ya ua utaona vifuko vitano vyenye unga wa manjano, na juu yake vichwa vitatu vinavyonata. Ua linapofunguka vichwa hivyo huwa vimesimama, kisha hujikunja taratibu kuelekea chini. Hapo ndipo ua liko tayari. Yale ambayo vichwa vyake hubaki vimesimama hayatungi tunda, usijisumbue nayo. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, chuma kifuko cha chavua au tumia pamba kukusanya unga kutoka mmea mmoja, uupake kwenye vichwa vyote vitatu vya maua ya mmea mwingine. Chavua ikiwa nyingi, mbegu huwa nyingi, na kwa kuwa kila mbegu ina kifuko chake cha juisi, tunda hujaa. Mvua ikinyesha ndani ya saa mbili baada ya kazi hiyo, chavua hupasuka kwa maji na kazi hurudiwa siku inayofuata kwenye maua mapya, maana kila ua hufunguka mara moja tu.

Maji, matandazo na mbolea

Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua haitarajiwi, na mmea uliokosa maji huangusha maua na matunda machanga. Mpasheni uliokomaa upewe lita 20 mara mbili kwa wiki, na mara tatu katika joto la Septemba na Oktoba. Dumu lililotobolewa tundu dogo na kuwekwa nusu mita kutoka kwenye shina hutoa maji polepole na kupunguza upotevu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichozikwa hadi shingoni na kujazwa maji, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Tandaza nyasi au majani makavu kwa unene wa sentimita 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mkazi wa Kigoma ana neema ya ziada: mikungu mitupu ya michikichi inayobaki baada ya mise, yaani matunda yake, kutolewa ni tandazo zuri lenye potasi nyingi, madini ambayo pasheni huyahitaji sana inapozaa. Tabora, ambako mchwa hula tandazo kwa kasi, tumia mboji iliyoiva kuliko nyasi kavu na ukague shina kila wiki. Usilime kwa jembe karibu na shina. Ng'oa magugu kwa mkono.

Kila mwanzo wa mvua ongeza debe moja la samadi, na katikati ya msimu gramu 100 za CAN, mbolea ya naitrojeni, zinyunyizwe kwa mduara wa nusu mita kutoka kwenye shina. Naitrojeni ikizidi huleta majani mengi na maua haba.

Magonjwa na wadudu

Mbali na mnyauko, hofu kubwa ni virusi vya kukakamaza. Majani hukunjamana na kuwa na mabaka ya manjano, matunda hubaki madogo, magumu, yenye ganda nene na juisi kiduchu. Mmea huo ung'olewe na kuchomwa siku hiyo hiyo, hata kama bado una matunda. Madoa ya kahawia yenye miviringo kwenye majani na matunda hupungua kwa kupogolea, na ikibidi kwa dawa ya ukungu yenye shaba, kwa kipimo cha kwenye kibandiko.

Nzi wa matunda hutoboa tunda changa na kuacha kovu lililovimba, au tunda hunyauka na kuanguka likiwa bichi. Okota matunda hayo kila siku na uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani mpaka funza wafe. Vidukari na wadudu weupe wenye unga hupungua kwa maji ya sabuni ya mche yanayonyunyizwa jioni chini ya majani.

Kuvuna

Miche iliyotunzwa huanza kutoa matunda kati ya miezi sita na tisa tangu ipandwe shambani, na ua huchukua siku 60 hadi 80 kuwa tunda lililoiva. Tunda likiiva hubadilika rangi na kuanguka lenyewe. Okota asubuhi kila siku au kila baada ya siku moja, kwani jua la mchana huyaunguza yaliyo chini. Kukunjamana kwa ganda si dalili ya kuoza; juisi ya ndani mara nyingi huwa imezidi kuwa tamu, ingawa wateja wa sokoni hupenda ganda nyororo, na kwa ajili yao tunda lichumwe likiwa limebadilika rangi robo tatu. Matunda mabichi kabisa pamoja na majani yana kemikali zinazotoa sumu ya sianidi, kwa hiyo watoto wakatazwe kuyala.

Mmea huzaa vizuri kwa miaka mitatu hivi, kisha mavuno hushuka. Otesha miche ya kurithi mapema, katika mwaka wa pili, na uipande upande mwingine wa ua badala ya shimo lile lile. Ule wa zamani ukikatwa, ng'oa na mizizi yake, choma vilivyougua, na kwenye shimo hilo panda mahindi au mtama kwa misimu miwili kabla ya kurudisha pasheni.